Siku Kornelia Alipoanguka kwa Hiari

Kwetu Uru, Uchaggani, mbuzi wa Krismasi hagawanywi kama karanga. Kila kiungo kina mwenyewe. Katika ukoo wetu kidari ni cha mkubwa wa mji, shingo ni ya waliochinja, mgongo ni wa wanawake wanaojitegemea, na maini ni ya watoto na wagonjwa, kwa kuwa ni laini na hayamsumbui mtu. Jina lako likitajwa unainuka, unakwenda mwenyewe mpaka pale nyama ilipotandazwa juu ya majani ya mgomba, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Watoto na wagonjwa ndio wanaopelekewa walipokaa.

Mimi nimepokea mgongo tangu nilipoolewa katika kihamba hiki, shamba la migomba la ukoo, na nimeendelea kuupokea hata sasa ambapo meno yangu yamebaki ya kuchekea tu. Mjukuu wangu Kornelia alikuwa bado analetewa maini, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na sita.

Kornelia ana ugonjwa wa misuli. Ulimjia akiwa darasa la tano, kidogo kidogo, kama mwizi anayehamisha vyombo huku wenye nyumba wanakula. Kwanza alishindwa kupanda kilima cha shule, kisha kuinuka sakafuni, kisha kuinua mkono kufika kichwani. Akili haikuguswa, wala ulimi. Ulimi alirithi kwangu. Baba yake, Sylvanus, ambaye ni mwanangu wa kwanza, alimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi, mvua na jua, mpaka akamaliza. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamwona Sylvanus mbaya. Shida yake ni kwamba alibeba mzigo kwa mapenzi, na hakuona sababu ya kuutua hata mzigo wenyewe ulipoomba.

Maana Kornelia sasa ni mtu na duka lake. Ana steshenari kule Njoro, Moshi mjini, anapiga picha za pasipoti, anachapa barua za watu na kadi za harusi. Mjini anakwenda na kiti cha magurudumu, ndani ya chumba chake anatembea na magongo. Njoro wanamwita Dada Kone na wanamngojea kwenye foleni. Akipanda Uru anageuka mtoto mchanga. Baba yake anamtoa kwenye gari kwa mikono yake, anamweka kwenye kiti karibu na jiko, anamfunika kanga magotini, halafu analeta maini kwenye sahani.

Krismasi ya mwaka juzi aliniinamia sikioni akaniambia, “Bibi, nimelishwa maini mpaka nimeanza kufanana nayo.”

Nilicheka nikapaliwa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilipomaliza kukohoa nikamtazama, nikaona yeye hakuwa anacheka.

Mwaka uliofuata daktari alimwambia afanye mazoezi ndani ya maji, akaanza kwenda kwenye bwawa la hoteli moja mjini. Siku moja nilishuka kumwona. Nilikuta amesimama. Maji yalimfika kifuani, mikono ameitandaza juu ya maji, hakushika ukuta wala mtu. Tangu alipokuwa na gauni la shule sikuwahi kumwona amesimama bila kushika kitu. Nikajifanya naangalia ndege juu ya mti, maana sikutaka wahudumu wa hoteli waone bibi kizee analia karibu na bia za wageni.

Mwalimu wa bwawa alikuwa Shamte, mtu wa pwani, mnene wa shingo, mpole wa maneno. Kazi yake hasa ilikuwa kupeleka watu chini ya bahari kule Pangani wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Alimwona Kornelia anavyojigeuza kwenye maji, akamwambia kwamba baharini amewahi kuwashusha watu wenye miguu mizito kuliko yake. Akamfundisha kupumua kwa ule mpira wa mdomoni, kutoa maji kwenye miwani, na kujisukuma kwa mikono iliyovishwa glavu zenye ngozi kati ya vidole, kama miguu ya bata. Daktari akampima kifua na moyo, akakubali, ila asiende kina kirefu. Shamte akasema Desemba anarudi kwao, na Kornelia akitaka kufanya likizo yake huko, atamshusha.

Kornelia hakuwahi kutamani kitu hivyo. Aliniambia hataki kuona samaki tu, samaki hata sokoni wapo. Alitaka mahali pamoja duniani ambapo hakuna anayembeba, na alitaka baba yake alijue hilo kabla hajampelekea maini tena.

Sylvanus alipoambiwa hakugomba. Aliendelea kunoa panga lake, akasema mtu asiyeweza ngazi za kanisa ataweza nini baharini, na kwamba habari hiyo imekwisha. Kornelia angeweza kwenda bila kumuuliza, duka ni lake na nauli ni yake. Lakini kwetu mtu hatoki Desemba kwenda kwingine wakati ukoo mzima unapanda nyumbani, isipokuwa kwa neno la baba. Akarudi Njoro amenyamaza, na Kornelia akinyamaza ujue ameumia.

Nikaamua kulishughulikia mimi.

Mpakani mwa kihamba chetu kuna masale, ile mimea ya majani marefu inayotenga shamba na shamba. Kila Mchagga anajua kazi yake nyingine. Ukimkosea mtu, unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea amekusamehe. Na kulikataa hakuna anayethubutu, maana kulikataa sale ni jambo la kusimuliwa mpaka kwenye kaburi lako. Nikakata jani zuri lisilo na doa, nikalifunga fundo, nikamfuata Sylvanus kwenye zizi alikokuwa anawapa ng'ombe majani.

Aliponiona nimesimama na sale, kofia alivua mwenyewe bila kujua. Mama kumletea mwanawe sale ni kitu kizito. Ni kama padri kupiga magoti mbele ya mtoto wa ubatizo. Hakuniacha nisimame hata kidogo. Alilidaka lile jani kwa mikono miwili kama moto unaotaka kuanguka kwenye nyasi kavu.

“Mama,” akasema, “umenikosea nini?”

“Bado,” nikamwambia. “Nitakukosea wiki ya Krismasi.”

Akalitazama jani. Akanitazama mimi. Nikamweleza taratibu kwamba mimi na Kornelia tutakwenda Pangani, kwamba mdogo wake Primus ametupa gari na atatuendesha mwenyewe, na kwamba namshukuru sana kwa kunisamehe. Alikaa juu ya mzigo wa majani. Ng'ombe alianza kula kiti chake na yeye hakuona.

Mwishowe akatoa sharti moja. Mgao ni asubuhi ya siku inayofuata Krismasi, na siku hiyo tuwe tumefika, Kornelia akiwa mzima kama alivyoondoka. Nikaahidi. Na kuahidi kwangu kulikuwa kwa kweli.

Basi tukateremka, mimi, Kornelia na Primus. Primus ni mwanangu wa mwisho na ni kiongozi wa wapanda mlima. Amefika kileleni mara nyingi kuliko mimi nilivyofika sokoni. Njiani nilimwambia Kornelia kwamba maji ya mfereji wetu wa Uru yanakwenda hivi hivi, yanaingia mto kwa mto mpaka yanamwagika baharini pale pale Pangani, kwa hiyo sisi si wageni, tumetanguliwa na maji yetu ya kuoshea vyombo.

Mpango ulikuwa aingie baharini siku ya pili tu baada ya kufika, halafu tupumzike, turudi. Lakini mvua ilinyesha, mto ukatapika tope, na bahari ikawa kama uji wa ulezi. Shamte alikwenda kila asubuhi kutazama maji, akarudi akitikisa kichwa. Ikafika Krismasi. Tulitoka misa ya asubuhi tukamkuta amesimama nje ya kanisa na kanzu yake, anatabasamu. Maji yamesafika. Akauliza, kwa utaratibu wake, tunasafiri lini. Primus akajibu kwamba Kornelia akitoka majini tu tunaondoka, ili mgao utukute nyumbani.

Shamte akaacha kutabasamu. Akatukumbusha alivyotueleza tangu bwawani, kwamba aliyezamia haruhusiwi kupanda mlima mpaka siku nzima ipite.

“Na nani anapanda mlima?” Primus akasema. “Mimi sina mgeni mpaka mwaka mpya.”

“Nyinyi nyumbani kwenu ni wapi?”

“Chini,” nikamjibu mimi. “Kwenye migomba.”

Nilimaanisha hivyo. Kwetu mlima unaanza msitu unapokwisha. Juu ni kule kwenye baridi na mawe ambako wazungu wanalipa kuteseka. Sisi wa Uru tunakaa chini, na wa Moshi mjini wanakaa shimoni. Tulimsikiliza Shamte alipotueleza hayo bwawani kabla ya safari, tukaitikia kwa vichwa wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba anaongelea jiko langu. Shamte akamuuliza Primus jiko hilo liko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Primus anayajua hayo kama sala. Akafungua mdomo aseme, nikaona namba imemkwama kooni.

“Elfu moja na mia tatu hivi,” akasema polepole, akajishika kichwa. “Na mimi ndiye ninayewakataza wageni wasikimbilie juu.”

Shamte akanieleza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekunja uso. Hewa anayoivuta mtu kule chini hujificha mwilini, inataka muda wa kutoka. Akikimbilia mahali pa juu kabla haijatoka, inachemka ndani yake kama soda iliyotikiswa. Kwa hiyo Kornelia akizamia leo, gari haliondoki mpaka kesho mchana. Na kesho mchana nyama ya Uru itakuwa imekwisha kugawanywa, hata mifupa.

Yaani achague. Aingie baharini avunje sharti la baba yake, au arudi nyumbani bila kugusa maji, akapelekewe maini. Nilianza kutafuta ujanja. Nilikuwa tayari na uongo wa pancha, mzuri kabisa, wenye fundi na kila kitu. Kornelia akaninyang'anya simu.

“Bibi, wewe umeshatumia sale lako,” akasema. “Sasa niache niongee.”

Akampigia baba yake mbele yetu. “Shikamoo Baba. Kesho kwenye mgao hatutakuwepo. Leo naingia baharini, na nikishaingia siruhusiwi kupanda huko mpaka kesho mchana. Kosa si la Bibi wala la Baba Mdogo Primus. Nimechagua mimi.” Akavuta pumzi. “Sikuombi ruhusa, Baba. Nakuarifu, kama mtu mzima anavyomwarifu mtu mzima mwenzake.”

Tulisikia ng'ombe akilia kule Uru.

“Nimesikia,” Sylvanus akasema, na simu ikakatika.

Kumvisha Kornelia ile nguo ya mpira kulichukua muda kuliko misa ya asubuhi. Shamte alivuta huku, Primus akavuta kule, mimi nikatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Wakambeba mpaka kwenye boti. Mimi nikavishwa jaketi la rangi ya chungwa, nikawa kama boga la kihamba lililopotea njia. Tulifika mahali maji yalipokuwa mepesi, mtu anaona mpaka mawe ya chini, wakamkalisha Kornelia ukingoni, ameipa bahari mgongo, mtungi umefungwa. Shamte alikuwa ndani ya maji tayari, anamngojea. Primus alitaka kumshika mabega amteremshe taratibu.

Kornelia akatikisa kichwa.

Nataka mtu aelewe jambo hili. Tangu darasa la tano, huyu mtoto ameishi akiogopa kuanguka. Ameanguka shuleni wakamcheka, ameanguka kanisani wakamhurumia, ameanguka chooni akakaa pale mpaka mtu akapita. Kila hatua anayopiga anaihesabia kwanza ataangukia wapi. Sasa alishika miwani yake kwa mkono mmoja, akanitazama, akanikonyeza kama nilivyomfundisha mwenyewe, halafu akajiachia kinyumenyume akaanguka. Kwa hiari yake. Maji yakaruka yakanilowesha kilemba.

Nilishika rozari, ila sikusali. Nilikuwa nayaangalia mapovu yanayopanda. Palipokuwa na mapovu, hapo palikuwa na mjukuu wangu, na mapovu yalikwenda huku, yakageuka, yakakaa, yakaenda tena, kama mtu anayetembea sokoni hana haraka na ana hela. Primus alikuwa ameegemea ukingo. Walipoanza kurudi juu na kusimama njiani kwanza, akaniambia kwa sauti ya kuridhika kwamba hawa watu wa bahari nao wanajua kupanda polepole.

Kornelia alitoa kichwa, alama ya miwani imemkaa usoni kama muhuri wa posta. Nilidhani atalia. Akatema maji ya chumvi.

“Bibi,” akasema, “kuna samaki mmoja alinikodolea macho kabisa. Lakini hakuniambia pole.”

Kesho yake tulikaa mpaka Shamte alipotuachia. Gari lilipanda mpaka tukaingia kwenye migomba. Jua lilikuwa linashuka tulipoingia uani. Nilitegemea kukuta majivu na watu walioshiba. Nikakuta ukoo wote umekaa, nyuso zimevimba kwa njaa, na mbuzi amefungwa kwenye mti wa kahawa, mzima, anatafuna kwa raha kuliko mtu yeyote pale.

Hilda, mama yake Kornelia, ndiye aliyenisimulia. Asubuhi wazee walitaka mgao uanze. Sylvanus akakataa, akasema watu hawajatimia. Wakamwambia anayengojewa ni mgonjwa tu, maini yake yatabaki chunguni. Sylvanus akaenda kukaa karibu na mbuzi na panga magotini, na hakuna aliyejua anamlinda mbuzi au anatafuta mtu wa kukata.

Tulipofika, Sylvanus alikuja mpaka kwenye mlango wa gari. Mikono yake ikanyooka kama kawaida, tayari kumchukua. Nikaiona imenyooka, nikaiona inasimama njiani. Akairudisha akaitia mifukoni mwa koti.

“Umefika,” akasema.

“Nimefika, Baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Magongo yako haya hapa.”

Ndani Primus akatoa simu, maana Shamte alikuwa na kamera ndogo na alimpiga picha za video kule chini. Ukoo ukasukumana. Kornelia alikuwa anaelea katikati ya samaki wa njano, amenyooka, mikono inafungua na kufunga, anageuka kushoto, anageuka kulia, anapita juu ya jiwe.

“Hapo nani kamshika?” Sylvanus akauliza.

“Hakuna, kaka.”

“Huyo mwenye kamera?”

“Yuko pembeni. Kashika kamera.”

Sylvanus akaichukua simu, akaigeuza akaitazama nyuma, kama kuna mtu kajificha huko. Akairudisha mwanzo. Akaitazama tena, na tena, mpaka simu ikazima kwa kuisha chaji mikononi mwake, naye akaendelea kuangalia kioo cheusi.

Mbuzi alichinjwa alfajiri iliyofuata, akachomwa. Majani ya mgomba yakatandikwa, Sylvanus akasimama nyuma yake kama mkubwa wa mji. Akaweka kando kidari chake, akaita shingo. Alipofika kwenye mgongo akakata kipande kinene, akakiweka juu ya jani, akaita.

“Kornelia.”

Watu wakageuka. Kornelia alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Akatoa kanga magotini, akamkabidhi mama yake. Kuinuka kulimchukua muda. Mara ya kwanza magongo yaliteleza, akarudi akakaa, na shangazi mmoja akanyanyuka kumsaidia. Nikamvuta shangazi huyo kwa sketi mpaka akaketi. Mara ya pili akasimama. Akaja, gongo moja mbele, gongo la pili, mguu.

Sylvanus hakupiga hatua. Alikuwa amelikaza lile jani kwa mikono miwili mpaka mafuta ya nyama yakamchirizikia viatuni. Naijua nguvu ya mwanangu. Amewahi kuinua ndama kutoka mferejini. Sijamwona akifanya kazi ngumu kama ile ya kusimama pale pale.

Kornelia akafika. Akaegemeza gongo moja kwenye mti wa kahawa, akapokea.

“Asante, Baba.”

“Karibu nyumbani, mama,” Sylvanus akasema. Hakuwahi kumwita mama. Kwetu baba humwita binti yake hivyo binti akishakuwa mtu mzima.

Watoto wakaanza kusukumana, maana yaliyobaki yalikuwa maini. Sylvanus akayakata vipande vipande, akawapelekea walipokaa, mmoja mmoja. Alipomaliza nikaona bado ana kipande kwenye sahani, kikubwa kuliko vyote, na anakuja kwangu.

“Na mgongo wangu?” nikamuuliza.

“Mgongo ni wa watu wazima, Mama,” akasema. “Maini ni ya watoto, na watoto watundu ndio wanaoletea watu sale kabla ya kosa.”

Ukoo ulicheka mpaka mbege ikamwagika. Kornelia alicheka kuliko wote, mdomo umejaa nyama ya mgongo, anaitafuna kwa shida na hataki msaada. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu aliyeaibishwa, nikapokea sahani yangu. Yalikuwa laini, ya moto, yenye chumvi ya kutosha. Kwa meno haya niliyobaki nayo, nilikuwa nayatamani miaka mingi, na sikujua ningeyaombaje.